Mapenzi ya viumbe wa ajabu au fantasia kamili: uanze na ipi?

Kwenye rafu ya vijana vitabu hivi hukaa bega kwa bega: jalada jeusi, jina kwa maandishi ya dhahabu, msichana amegeuza mgongo, na mahali fulani nyuma yake kuna jicho linalong'aa. Ukivitazama kwa nje utasema ni mapacha. Msomaji amemaliza cha kwanza kwa siku mbili, usingizi hakuna, chakula kimepoa mezani. Anachukua cha pili akitaka utamu uleule, na akifika ukurasa wa 60 anakifunga. Anajilaumu kwamba hajui kusoma, au anakilaumu kitabu. Hakuna mwenye kosa hapo. Aliagiza kitu kimoja, akaletewa kingine.

Riwaya ya mapenzi ya viumbe wa ajabu hutokea katika dunia hii hii ya shule, simu na magari, ila mmoja wa wapenzi ni vampaya, mbwamwitu, malaika aliyeanguka au jini. Fantasia kamili hujijengea dunia yake, yenye falme, mipaka, historia na sheria za uchawi. Mapenzi yakiwemo, ni kijito kinachoingia mtoni. Maelezo haya ni sahihi lakini hayatoshi kukusaidia kuchagua, maana kuna fantasia zilizojaa mahaba na kuna hadithi za vampaya zilizojaa vita. Kipimo kinachofanya kazi ni hiki: itafute kanuni ya uchawi ndani ya kitabu, kisha uliza inamfanyia nani kazi.

Kipimajoto na kengele

Chukua Shiver ya Maggie Stiefvater, iliyotoka 2009. Sam ni binadamu wakati wa joto. Baridi ikizidi, mwili wake unageuka mbwamwitu. Kila sura inaanza na jina la anayesimulia, Grace au Sam, na chini yake namba ya halijoto ya wakati huo. Namba hiyo ndiyo moyo wa kitabu. Sura ikifunguka kwa namba ndogo unajua kabla ya sentensi ya kwanza kwamba Sam yuko hatarini, na unaanza kusoma kwa haraka. Jambo dogo la kuzingatia: vipimo ni vya Farenhaiti, ambapo maji huganda kwenye 32. Ukiona 38 usidhani ni jua la utosi. Ni kama nyuzi 3 za Selsiasi, yaani baridi kali. Wasomaji waliozoea Selsiasi huikosa hofu yote kwa kutojua hilo.

Sasa angalia kanuni hiyo inafanya nini. Inawatenganisha Grace na Sam, basi. Kila mwaka muda wake wa kuwa mtu unapungua, na itafika siku hatarudi tena. Hakuna anayepigania kiti cha enzi kwa sababu ya baridi ile. Hakuna ramani. Ukiyatoa mapenzi kwenye Shiver utabakiwa na utabiri wa hali ya hewa.

Weka pembeni yake Sabriel ya Garth Nix, ya mwaka 1995. Sabriel ana miaka 18 na anarithi kazi ya baba yake: kuwarudisha Mautini wafu wanaokataa kubaki wafu. Zana zake ni kengele saba kwenye mkanda wa ngozi unaovuka kifua, kuanzia ndogo hadi kubwa. Ranna huleta usingizi. Mosrael huamsha, lakini humsukuma mpigaji mwenyewe kuelekea Mautini. Kibeth humpa aliyekufa uhuru wa kutembea, au humtembeza hadi lango linalofuata. Dyrim hutoa sauti au huinyamazisha. Belgaer hurudisha fikra na kumbukumbu, au huzifuta. Saraneth hufunga kiumbe chini ya utashi wa mpigaji. Ya mwisho, Astarael, huwatupa wote wanaoisikia ndani kabisa ya Mauti, na mpigaji akiwemo. Mauti yenyewe ni mto wenye malango tisa, na kila hatua ya kuuvuka ina hatari yake.

Kanuni hii ni ufundi. Ina zana, ina makosa, ina gharama. Unaposoma Sabriel unajifunza kazi pamoja naye, na raha inakuja pale unapojua kabla yake ni kengele ipi inafaa, kisha unamwona akiishika nyingine kwa kuwa hana jinsi. Mapenzi yapo: kijana anaingia hadithini katikati ya safari na hisia zinachipua polepole. Lakini ukizikata kurasa hizo, kitabu kinasimama vilevile. Aliyekuja kwa ajili ya mahaba ataona amepunjwa. Anayependa kujua mambo yanavyofanya kazi hataki kulala.

Kwa hiyo jaribu hivi na kitabu chochote ulichonacho: iondoe hadithi ya wapendanao kichwani, utazame kilichobaki. Kikibaki kitupu, umeshika mapenzi ya viumbe wa ajabu. Kikibaki kizito, umeshika fantasia. Hakuna kilicho bora kuliko mwenzake, na wanaodharau aina ya kwanza kwa kuwa husomwa zaidi na wasichana wanaonyesha tu kwamba hawajaisoma. Kumshika msomaji kurasa 400 kwa swali moja la moyo ni kazi ngumu.

Uwezo uleule, adabu mbili

Kuna jozi nyingine inayofundisha zaidi, kwa sababu waandishi wawili walichukua kipaji kilekile, cha kijana anayesoma mawazo ya watu, wakakipeleka pande mbili.

Katika Twilight ya Stephenie Meyer (2005), Edward, ambaye ni vampaya, anasikia mawazo ya kila mtu isipokuwa ya Bella, msichana wa kawaida. Ukimya huo, pamoja na harufu ya damu yake, ndio unaomvuta. Kipaji kinageuka kuwa fumbo la mapenzi: kwa nini yeye tu? Bella ndiye anayesimulia, kwa nafsi ya kwanza, na msomaji anakaa ndani ya mapigo ya moyo wake bila kutoka. Ndiyo maana kitabu kinasomeka kwa kasi ya ajabu. Sentensi ni nyepesi, sehemu ni chache, na kila onyesho lina swali moja.

Katika Graceling ya Kristin Cashore (2008), Katsa ana kipaji cha kuua na Po anafikiriwa na wote kuwa mpiganaji tu. Kabla kitabu hakijafika nusu inafichuka kwamba Po huhisi mawazo ya watu yanayomhusu yeye. Siri hiyo si fumbo kuu la riwaya, ila anayetaka kukutana na yanayoifuata mwenyewe aruke aya inayofuata.

Katsa akijua, anawaka. Anaona ameibiwa kitu: amekuwa akifikiri mbele ya mtu aliyekuwa akisikia. Hakuna busu linalofuta hilo. Wanatengana kwa muda, wanarudi, wanazungumza masharti: lini atamwambia alichohisi, atamwambiaje, naye atalindaje faragha ya kichwa chake. Katsa pia amekataa ndoa tangu mapema, na riwaya haimlazimishi kubadili msimamo ili hadithi iishe vizuri.

Tofauti hii ina maana zaidi kwa msomaji wa miaka 13 au 14 kuliko wingi wa damu au majoka. Edward huingia chumbani kwa Bella usiku kumtazama akilala, kabla hata hajamwambia, na kitabu kinaliweka jambo hilo kama dalili ya upendo. Katika maisha ya kawaida hiyo ni hatari, si upendo. Hii si sababu ya kukificha kitabu. Kijana anaweza kufurahia ndoto na bado akajua ni ndoto, mradi kuna mtu wa kuongea naye. Ukisoma Twilight kisha Graceling, moja baada ya nyingine, mazungumzo hayo yanaanza yenyewe. Swali la nani anaruhusiwa kujua nini kuhusu mwenzake linakuwa limewekwa mezani na vitabu vyenyewe.

Kwa urahisi wa kusoma Twilight inashinda. Graceling ina falme saba na majina ya wafalme yanakuja kwa mkupuo kwenye sura za mwanzo. Vumilia mpaka Katsa na Po waanze kufanya mazoezi ya mapigano pamoja. Kuanzia hapo kitabu kinakimbia.

Urefu wa safari

Hapa ndipo wengi hukwama bila kutarajia, kwa hiyo tupige hesabu. Ukurasa wa kitabu cha karatasi una maneno kama 250 hadi 300, na riwaya ya vijana yenye maneno 100,000 ni ya kawaida kabisa. Ukisoma maneno 200 kwa dakika, inakuchukua dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20. Ukiwa unasoma kwa Kiingereza nacho si lugha yako ya nyumbani, kasi ya maneno 130 kwa dakika si aibu, na kitabu hichohicho kitachukua karibu saa 13. Kwa nusu saa kila siku, wa kwanza anamaliza kwa siku 17, wa pili kwa siku 26. Zidisha mara idadi ya vitabu vya mfululizo ndipo uamue.

| Mfululizo | Vitabu vikuu | Uzito wa mapenzi | Umri tunaoupendekeza |
|---|---|---|---|
| Twilight | 4 | ndiyo hadithi yote | 13+. Cha nne 15+ |
| Shiver | 3, na cha pembeni kimoja | ndiyo hadithi yote | 13+ |
| Vampire Academy | 6 | nusu. Nusu nyingine ni urafiki | 15+ |
| Graceling | cha kwanza kinajitosheleza | theluthi hivi | 14+ |
| The Cruel Prince | 3 | kidogo mwanzoni, kisha sana | 14+ |
| Throne of Glass | 7, na kimoja cha hadithi za awali | hupanda kila kitabu | 14+. Kuanzia cha tano 17+ |
| Sabriel | kinajitosheleza | kidogo | 12+ |
| Akata Witch | 3 | karibu hakuna | 11+ |

Vampire Academy ya Richelle Mead ilianza 2007 na kufungwa 2010. Ni ya haraka, ina ucheshi, na nguzo yake ni urafiki wa wasichana wawili, Rose na Lissa, waliounganishwa kiakili kiasi kwamba Rose huingia ndani ya hisia za rafiki yake hata asipotaka. Ina mpangilio wa vampaya unaoeleweka upesi: Moroi walio hai na wenye uchawi, Strigoi waliogeuka kuwa waovu wasiokufa, na dhampiri wanaowalinda Moroi. Tatizo lake liseme wazi: Rose ana miaka 17 na anampenda mkufunzi wake wa miaka 24. Kitabu kinajua kwamba hilo ni kosa na wahusika wanalijadili, ila mvuto umejengwa juu yake. Ndiyo maana tumeandika 15.

Throne of Glass ya Sarah J. Maas inaanza kama shindano la wauaji ndani ya kasri na inamalizika kama vita ya dunia nzima. Kitabu cha mwisho, Kingdom of Ash cha 2018, kina karibu kurasa 1,000. Mfululizo huu unakua na msomaji wake, na hilo ni sifa na ni mtego. Aliyeanza na cha kwanza akiwa na miaka 14 akavipitia vyote likizo moja atafika Empire of Storms, cha tano, akakuta matukio ya kitandani yaliyoelezwa waziwazi. Aliyemnunulia seti nzima kwa kuangalia kitabu cha kwanza atashtuka.

Vya katikati

Kama umepima ukaona unataka vyote viwili, usianze na kitabu kinene. Kuna milango miwili mizuri.

Wa kwanza ni Daughter of Smoke and Bone ya Laini Taylor, ya 2011. Karou ana nywele za buluu, anasoma sanaa Prague, na amelelewa na kiumbe mwenye pembe anayenunua meno. Meno ya nini? Swali hilo linakuburuza. Nusu ya kwanza ni mapenzi ya viumbe wa ajabu yasiyo na shaka: mji wenye theluji, malaika mzuri mno, macho yanakutana. Kisha kitabu kinafungua mlango na kukuingiza kwenye dunia nyingine yenye vita vya karne nyingi. Kitabu cha pili ni kizito na cha majonzi. Wapendanao wako pande mbili za vita, na anayetaka mabusu atangoja sana. Ukigundua kwamba dunia mpya ilikusisimua kuliko malaika, umepata jibu lako: nenda kwenye fantasia. Ukigundua ulikuwa unafunua haraka ili urudi kwa malaika, hilo nalo ni jibu.

Mlango wa pili, The Cruel Prince ya Holly Black (2018), unafaa wenye subira na wapenda hila. Jude ni binadamu anayeishi kwenye nchi ya viumbe ambao hawawezi kusema uongo. Wanadanganya kwa kusema kweli nusunusu, na msomaji makini huanza kuchunguza kila jibu: amesema hatamdhuru, lakini amesema lini? Yeye Jude anaweza kudanganya, na hiyo ni silaha yake kubwa. Hapa kanuni ya uchawi inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inaendesha siasa za kasri, na baadaye inafanya neno la mapenzi liwe na uzito, kwa sababu mmoja hana uwezo wa kulitamka kama si kweli. Hatujui mfano mzuri zaidi wa aina hizi mbili kushikana mikono. Onyo: mtoto wa mfalme anayependwa baadaye ni mkatili mwanzoni, na ukatili wake haupakwi rangi.

Mahali watu hukosea

Mpangilio wa kusoma ndio kosa la kwanza. Namba ya kitabu mara nyingi haipo kwenye jalada la mbele. Iko mgongoni au kwenye ukurasa wa ndani unaoorodhesha vitabu vingine vya mwandishi. Fungua hapo kwanza. Kwa Throne of Glass, mkusanyiko wa hadithi za awali uitwao The Assassin's Blade ulitoka 2014, na watu hubishana usomwe lini. Ushauri wetu: baada ya cha tatu, na lazima kabla ya cha nne, Queen of Shadows, kwa sababu watu wa hadithi zile wanarudi humo na usipowajua hutaelewa kwa nini Celaena, mhusika mkuu, anatetemeka. Cha tano na cha sita hutokea wakati mmoja katika sehemu tofauti. Soma cha tano chote, halafu cha sita, ingawa cha tano kitakuacha ukining'inia. Kukiruka cha sita ili ufike mwisho ni kosa kubwa, maana majibu yako humo.

The Mortal Instruments ya Cassandra Clare ina jambo jema ambalo wengi hawaambiwi. Ni vitabu sita, lakini vitatu vya kwanza, kuanzia City of Bones (2007) hadi City of Glass (2009), vinamaliza hadithi kamili. Unaweza kusimama hapo kwa amani. Ukitaka kuendelea, kabla ya cha nne pita kwenye Clockwork Angel, cha mfululizo mwingine wa Clare, kinachotokea London ya mwaka 1878.

Kosa la pili ni kitabu cha watu wazima kununuliwa kama cha vijana. A Court of Thorns and Roses, pia ya Maas, kilipotoka 2015 kiliuzwa kwa vijana, kisha kikahamishiwa upande wa watu wazima. Nakala za zamani zenye sura ya ujana bado zinazunguka. Fourth Wing ya Rebecca Yarros (2023) ina chuo, majoka na mashindano, kwa hiyo inafanana na vitabu vya shule, ila ni ya watu wazima toka mwanzo. Usiamini jalada. Mhusika mkuu akiwa na miaka 19 au 20 na zaidi, fungua theluthi ya mwisho ya kitabu na usome kurasa mbili tatu. Matukio mazito huwekwa humo mara nyingi, wapenzi wakishaaminiana.

La tatu ni kitabu cha pili cha mfululizo. Katika mapenzi ya viumbe wa ajabu mwandishi ana tatizo la kiufundi: wapendanao wamepatana, swali limejibiwa, na bado kuna vitabu vya kuandika. Njia ya kawaida ni kuwatenganisha. Katika New Moon, kitabu cha pili cha Twilight, Edward anaondoka, na Meyer anaonyesha utupu wa Bella kwa kurasa zilizo karibu tupu, kila moja ina jina la mwezi tu: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Wengine hudhani nakala yao imekosewa kiwandani. Haijakosewa. Ukiona kitabu cha pili kimepooza, ujue wamechukua njia hiyo, uamue kama unapenda wahusika wa pembeni kiasi cha kukaa nao kurasa 300.

Na majina. Fantasia huangusha wasomaji wapya kwenye kurasa 60 za mwanzo kwa majina ya watu, miji, miungu na vyeo. Usijaribu kukariri. Chukua kipande cha karatasi kiwe alama yako ya kurasa, na jina likitokea mara ya pili ndipo uliandike, pamoja na neno moja: "mjomba", "adui", "farasi". Majina yanayotokea mara moja yaache yapite. Miji usiiandike kabisa kama kuna ramani mbele. Kusikiliza sura mbili za kwanza kwa sauti pia husaidia, kwa kuwa jina usiloweza kulitamka halikai kichwani.

Kwa wadogo wa miaka 11 hadi 13 kuna jingine la kuangalia: kichwa cha kitabu kinaweza kubadilika kati ya nchi na nchi. Akata Witch ya Nnedi Okorafor (2011) pia imechapishwa kwa jina What Sunny Saw in the Flames, na kuna waliovinunua vyote viwili wakidhani ni tofauti. Ni kitabu kimoja, na ni mwanzo mzuri wa fantasia kwa rika hilo. Sunny ana miaka 12, anaishi Nigeria, na katika jamii ya kichawi anayoigundua fedha huitwa chittim: vipande vya chuma vinavyodondoka toka hewani kila unapojifunza kitu kipya. Kilicho kigumu kujifunza hudondosha vingi zaidi. Mtoto anaelewa kanuni hiyo kwa sekunde moja, na uchumi mzima wa dunia ile unajengeka juu yake.

Jaribio la nusu saa

Kabla ya kununua au kuazima, soma kurasa 15 za kwanza bila kuruka. Hesabu mambo mawili: mara ngapi mwili wa mtu mwingine umeelezwa (macho, mikono, harufu), na mara ngapi kimetajwa kitu ambacho dunia yetu haina. La kwanza likizidi sana, ni mapenzi. La pili likizidi, ni fantasia. Yakikaribiana, uko katikati. Kisha fungua ukurasa wowote karibu na katikati ya kitabu na utazame wapendanao wako wapi. Kama wako chumba kimoja, mwandishi amewekeza kwao. Kama kila mmoja yuko na jeshi lake, subira itahitajika. Usisome ukurasa wa mwisho, lakini angalia kama kuna sura ya kitabu kinachofuata imebandikwa nyuma. Ikiwepo, uwezekano ni mkubwa kwamba hadithi haiishi humu.

Kama Shiver ilikupendeza na New Moon ikakuchosha, fungua The Cruel Prince. Utapata mvuto na hila, ingawa mapenzi yatakuja polepole. Kama Twilight ilikunasa kwa sababu ya kasi yake tu, chukua Vampire Academy ikiwa umri umefika, la sivyo Graceling. Na ukimaliza Sabriel ukatamani kengele zaidi, kinachofuata ni Lirael cha 2001, kisha Abhorsen cha 2003. Viazime vyote viwili siku moja, kwa sababu Lirael inakatika katikati ya safari na Abhorsen inaanzia hapohapo.